Pistons 19, Lakers 18: Uchambuzi wa takwimu za mchezo wa Novemba 22, 1950

Usiku wa tarehe 22 Novemba 1950, katika ukumbi wa Minneapolis Auditorium, mbele ya watazamaji 7,021, timu ya mpira wa kikapu ya Fort Wayne Pistons iliifunga Minneapolis Lakers kwa pointi 19 kwa 18. Mchezo ulichezwa dakika zote 48, robo zote nne, na hadi leo hakuna mchezo mwingine wa NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, uliomalizika kwa jumla ya pointi chache kuliko hizo 37. Wengi wanaoutaja huutaja kama kioja, kisha wanapita. Mimi naona kwamba jedwali la takwimu za usiku ule, ingawa ni fupi mno, linastahili kusomwa mstari kwa mstari, kwa sababu ndani yake mnaonekana uamuzi wa kocha mmoja, udhaifu wa kanuni za ligi changa, na mipaka ya takwimu zenyewe kama njia ya kueleza kilichotokea uwanjani.

Ligi ilikuwa katika msimu wake wa pili kwa jina la NBA, jina lililopatikana mwaka 1949 baada ya ligi mbili hasimu kuungana. Lakers walikuwa mabingwa watetezi. Katika msimu uliotangulia walikuwa wamecheza nyumbani michezo 31 na kupoteza mmoja tu, na kikosi chao kilikuwa na George Mikan, mchezaji wa kati mwenye urefu wa mita 2.08, aliyevaa miwani, ambaye mwaka huohuo wa 1950 shirika la habari la Associated Press lilimtangaza kuwa mchezaji bora wa kikapu wa nusu ya kwanza ya karne. Pembeni yake walikuwapo Jim Pollard, Vern Mikkelsen na Slater Martin, ambao wote baadaye waliingizwa kwenye jumba la kumbukumbu la magwiji wa mchezo huo. Pistons, kwa upande wao, walikuwa timu ya mji wa viwanda wa Fort Wayne, Indiana, mali ya Fred Zollner, mwenye kiwanda cha pistoni kilichoipa timu jina lake. Msimu huo walikuja kumaliza wakiwa wameshinda michezo 32 na kupoteza 36, ilhali Lakers walishinda 44 na kupoteza 24. Tofauti ya uwezo baina ya timu hizi mbili, basi, ilikuwa wazi, na kocha wa Pistons, Murray Mendenhall, aliijua vizuri kabla ya mpira kurushwa juu.

Alichoamua Mendenhall ni kwamba wachezaji wake wakishapata mpira wasikimbilie kufunga. Wangeuvusha mstari wa kati, kwa kuwa kanuni iliwataka wafanye hivyo ndani ya sekunde 10, kisha wangeushika, wakipasiana mbali na kikapu au wakisimama nao tu, hadi pale ambapo nafasi iliyo wazi kabisa ingejitokeza. Hakuna kanuni iliyovunjwa kwa kufanya hivyo. Kitabu cha kanuni cha mwaka ule hakikuweka kikomo chochote cha muda ambao timu ingeweza kukaa na mpira baada ya kuvuka nusu ya uwanja.

Matokeo ya robo yalikuwa hivi: robo ya kwanza Pistons 8, Lakers 7; ya pili Pistons 3, Lakers 6; ya tatu Pistons 5, Lakers 4; ya nne Pistons 3, Lakers 1. Wakati wa mapumziko Lakers waliongoza 13 kwa 11, na mwisho wa robo ya tatu waliongoza 17 kwa 16. Kila timu ilifunga vikapu vinne tu vya uwanjani, kila kimoja cha pointi mbili, katika mchezo mzima. Lakers walijaribu mara 18, Pistons mara 13. Pointi nyingine zote zilitoka kwenye mitupo huru, ile ya pointi moja moja inayotolewa baada ya faulo: 11 kwa Pistons na 10 kwa Lakers, hao wa pili wakiwa wamepata nafasi 17.

Mstari unaovuta macho kwanza ni wa Mikan. Alifunga pointi 15 kati ya 18 za timu yake, yaani asilimia 83, na vikapu vyote vinne vya Lakers vilikuwa vyake. Wenzake wote kwa pamoja walijaribu kufunga kutoka uwanjani mara saba na hawakupata hata kimoja. Pointi tatu walizochangia zilikuwa za mitupo huru. Kwa upande wa pili, aliyeongoza Pistons alikuwa John Oldham kwa pointi 5. Wapo wanaousoma mstari huu wa Mikan kama ushahidi wa ushujaa wa mtu mmoja aliyeibeba timu nzima, na mimi sikubaliani na usomaji huo moja kwa moja. Mikan alijaribu mara 11 kati ya majaribio 18 ya timu, na alifunga manne, sawa na asilimia 36 hivi, wakati wastani wake wa msimu mzima ulikuwa asilimia 42.8. Wastani wake wa pointi kwa mchezo msimu huo ulikuwa 28.4, wa juu kuliko wa mchezaji yeyote katika ligi, kwa hiyo usiku ule alifunga karibu nusu ya kawaida yake. Sehemu yake ilionekana kubwa kwa sababu jumla ilikuwa ndogo. Asilimia ya kitu kidogo hupanda haraka, na msomaji wa takwimu asipoangalia kwanza ukubwa wa jumla atampa mchezaji sifa ambayo kwa kweli inatokana na uhaba.

Hata hivyo, ipo sehemu moja ya mstari huo inayoeleza ushindi wenyewe, nayo huzungumzwa kidogo kuliko inavyostahili. Mikan alipata mitupo huru 11 na akafunga 7. Katika msimu ule mzima alitupa mitupo huru 717 na kufunga 576, yaani asilimia 80.3. Kama angetupa kwa kiwango chake cha kawaida usiku ule, angefunga mitupo tisa hivi badala ya saba, na pointi mbili katika mchezo ulioamuliwa kwa pointi moja zingegeuza matokeo. Wenzake nao walipata nafasi sita wakafunga tatu. Timu nzima ilikosa mitupo huru saba, na hakuna mkakati wa Mendenhall uliowazuia kuifunga, kwa sababu mtu anapotupa mtupo huru hakuna anayemkaba. Ninasema hivi bila kupuuza kazi ya Pistons. Kushika mpira kulitengeneza hali ambayo kila pointi ilikuwa na uzito mkubwa kupita kiasi, lakini ndani ya hali hiyo Lakers walikuwa na nafasi ya kushinda wakiwa wamesimama peke yao mbele ya kikapu, wakaipoteza.

Kiini cha kisa, kwa maoni yangu, kiko kwenye idadi ya majaribio. Katika msimu wa 1950–51 timu ya kawaida ya NBA ilijaribu kufunga kutoka uwanjani zaidi ya mara 80 katika mchezo mmoja, na ilipata takriban pointi 84. Usiku ule timu zote mbili kwa pamoja zilijaribu mara 31. Dakika 48 zina sekunde 2,880. Ukigawanya kwa 31 unapata jaribio moja katika kila sekunde 93, na ukigawanya kwa vikapu vinane vilivyofungwa unapata kikapu kimoja katika kila dakika sita. Lakers walipata mitupo huru 17 dhidi ya majaribio 18 ya uwanjani, uwiano ambao katika mchezo wa kawaida hauonekani kabisa.

Kwa nini kocha wa timu dhaifu atake majaribio yawe machache? Jibu linapatikana katika hesabu ya uwezekano, na sidhani kwamba Mendenhall alihitaji kuiandika kwenye karatasi ili aielewe, kwa kuwa alikuwa amefundisha shule ya sekondari huko Fort Wayne kabla ya kuingia ligi ya kulipwa, na katika viwanja vya shule za Indiana kushika mpira dhidi ya timu kubwa ilikuwa mbinu iliyojulikana. Chukulia kwamba katika kila duru ya kushambuliana timu iliyo bora ina uwezekano wa asilimia 55 wa kutoka na faida. Mchezo ukiwa na duru 99, timu hiyo itashinda duru nyingi zaidi katika michezo 84 hivi kati ya 100. Mchezo ukiwa na duru 9 tu, kwa uwezo uleule, itafanikiwa katika michezo 62 hivi kati ya 100. Ubora wa timu haujabadilika. Kilichobadilika ni kwamba bahati imepewa nafasi kubwa zaidi. Pistons hawakuweza kuwa bora kuliko Lakers kwa usiku mmoja, lakini waliweza kuchagua mchezo mfupi zaidi ndani ya dakika zilezile 48.

Takwimu za ufungaji zinatuonyesha pia kwamba mpango huo ulifanya kazi kwa njia ya pili. Lakers walifunga 4 kati ya 18, asilimia 22. Pistons 4 kati ya 13, asilimia 31. Wastani wa ligi msimu ule ulikuwa takriban asilimia 36. Timu zote mbili zilikuwa chini ya kawaida, lakini Lakers walikuwa chini zaidi, na ninadhani sababu yake ni ya kibinadamu: timu inayosubiri dakika nzima au zaidi bila kuugusa mpira hupoteza mdundo wake, na inapoupata hutaka kufidia. Sina namna ya kulithibitisha hili kwa jedwali, na ninaliacha kama dhana yangu.

Robo ya nne inahitaji kutazamwa peke yake. Lakers waliianza wakiongoza 17 kwa 16, na katika dakika 12 zilizofuata walipata pointi moja tu. Kikapu cha mwisho cha mchezo kilifungwa na Larry Foust, kijana mrefu aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza, aliyepokea pasi ya Curly Armstrong karibu na kikapu na kufunga dhidi ya Mikan zikiwa zimebaki sekunde chache. Kikapu hicho kilibadilisha matokeo kutoka 18 kwa 17 kuwa 18 kwa 19. Tukipiga hesabu kurudi nyuma tunaona kwamba kabla ya kikapu cha Foust kila timu ilikuwa imepata mtupo huru mmoja tu katika robo ile yote. Kwa maneno mengine, kwa zaidi ya dakika 11 hakuna kikapu hata kimoja cha uwanjani kilichofungwa na upande wowote.

Jambo la kushangaza hapa ni kwamba timu iliyoshika mpira ilikuwa nyuma. Tumezoea kuiona timu inayoongoza ikichelewesha mchezo ili kulinda uongozi wake, na hilo halihitaji maelezo. Pistons walikuwa nyuma kwa pointi moja na bado walisubiri. Ukilitazama kwa utulivu utaona kwamba halikuwa jambo la kipuuzi. Timu iliyo nyuma kwa pointi moja, ikiwa na hakika ya kupata jaribio la mwisho, ina mategemeo mazuri kuliko yale ambayo Pistons wangekuwa nayo kama wangerudi kushambuliana kwa kasi na mabingwa. Na Lakers, kwa nini hawakutoka kwenda kuwabana? Kwa sababu nao walikuwa mbele, na timu iliyo mbele haina haraka ya kumwondoa Mikan chini ya kikapu kumpeleka katikati ya uwanja, mahali ambapo urefu wake haukuwa na kazi na ambapo wachezaji wepesi wangeweza kumpita. Kila upande ulikuwa na sababu halali ya kusimama, na matokeo ya sababu hizo mbili kukutana yalikuwa robo ya mchezo ambayo watu elfu saba walilipa kiingilio kuitazama na karibu hakuna kilichotokea.

Hapo ndipo jedwali linapofika mwisho wa uwezo wake. Takwimu za mpira wa kikapu za zama zile zilihesabu matendo: kikapu kilichojaribiwa, kikapu kilichofungwa, mtupo huru, faulo. Msimu huohuo wa 1950–51 ndipo ligi ilipoanza kuweka rasmi hesabu ya ribaundi, yaani mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa kikapu. Dakika alizocheza kila mchezaji zilianza kuhesabiwa msimu uliofuata. Mipira iliyoporwa na mitupo iliyozuiwa ilisubiri hadi msimu wa 1973–74, na mipira iliyopotezwa hadi 1977–78. Jambo kubwa la usiku ule, yaani muda ambao mpira ulikaa mikononi bila kutumika, halikuwa na safu yake, na msomaji anayetazama jedwali bila kujua historia angeweza kudhani kwamba timu zote mbili zilikuwa na ulinzi wa ajabu. Wachambuzi wa leo hukadiria idadi ya duru za kushambulia kwa kuchukua majaribio ya uwanjani, kuongeza sehemu ya 0.44 ya mitupo huru, kuongeza mipira iliyopotezwa na kutoa ribaundi za ushambuliaji. Kwa Lakers tunaweza kufanya sehemu ya kwanza tu ya hesabu hiyo: 18 jumlisha 0.44 mara 17, jibu likiwa 25 na nusu hivi. Hata tukiongeza mipira michache iliyopotezwa tunabaki mbali sana na duru 100 au karibu na hapo ambazo timu ya NBA ya sasa hupata katika mchezo mmoja.

Rais wa ligi, Maurice Podoloff, hakufurahishwa na mchezo ule. Alikuwa akiendesha biashara changa iliyopoteza timu kadhaa baada ya msimu wa kwanza, na ilikuwa karibu kupoteza nyingine: Washington Capitols walivunjwa mapema mwaka 1951, msimu ukiendelea. Lakini karipio haliwezi kuziba pengo la kanuni. Wiki chache baadaye, tarehe 6 Januari 1951, Indianapolis Olympians na Rochester Royals walicheza mchezo uliohitaji vipindi sita vya nyongeza, dakika 78 kwa jumla, mrefu kuliko wote katika historia ya ligi, na Indianapolis wakashinda 75 kwa 73. Ukisoma namba hizo bila kujua zaidi utafikiri ulikuwa mpambano wa kusisimua. Katika vipindi vile vya nyongeza timu iliyopata mpira wa kwanza iliushika kwa dakika karibu zote tano ikisubiri mtupo wa mwisho, na ukikosa, kipindi kingine kikafuata kwa mtindo uleule.

Msimu wa 1951–52 ligi ilipanua eneo lililo chini ya kikapu kutoka upana wa mita 1.83 hadi mita 3.66, badiliko lililomlenga Mikan na ambalo halikugusa tatizo la kushika mpira hata kidogo. Timu ziliendelea kuchelewesha, na timu zilizokuwa nyuma zilijifunza kucheza faulo kwa makusudi ili kuupata mpira tena, hivyo mchezo ukawa msafara wa kwenda kwenye mstari wa mitupo huru. Mfano mkubwa ni mchezo wa mtoano wa tarehe 21 Machi 1953 kati ya Boston Celtics na Syracuse Nationals, uliokwenda vipindi vinne vya nyongeza na kuisha 111 kwa 105. Bob Cousy wa Boston alifunga pointi 50, na 30 kati ya hizo zilikuwa za mitupo huru.

Suluhisho lilitoka Syracuse. Mmiliki wa timu hiyo, Danny Biasone, akishirikiana na meneja wake Leo Ferris, alirejea kwenye michezo ambayo watu waliifurahia na kuona kwamba timu mbili kwa pamoja zilitupa mara 120 hivi. Sekunde 2,880 zilizogawanywa kwa mitupo 120 zinatoa 24. Katika msimu wa 1954–55 kila timu ilitakiwa kutupa mpira kikapuni ndani ya sekunde 24 tangu kuupata, na kikomo cha faulo za timu katika kila robo kikawekwa pamoja na kanuni hiyo. Wastani wa pointi kwa timu ulipanda kutoka 79.5 hadi 93.1 katika msimu mmoja. Shirikisho la kimataifa, FIBA, lilichukua sekunde 30 mwaka 1956 na kuzishusha hadi 24 mwaka 2000, na ndiyo maana saa hiyohiyo inahesabu nyuma leo katika viwanja vya Kigali ambako Ligi ya Mpira wa Kikapu Afrika ilianzia mwaka 2021. Fainali ya kwanza ya NBA chini ya kanuni mpya iliwakutanisha Syracuse na Fort Wayne Pistons, Foust akiwa bado kikosini, na mchezo wa saba wa tarehe 10 Aprili 1955 uliisha Syracuse 92, Fort Wayne 91.

Tangu hapo michezo yenye pointi chache haikukoma, ila chanzo chake kimekuwa kingine. Tarehe 10 Aprili 1999 Chicago Bulls walifungwa na Miami Heat 82 kwa 49, na pointi hizo 49 ndizo chache zaidi kwa timu moja tangu saa ya sekunde 24 ianze. Bulls walifunga vikapu 18 kati ya majaribio 77, asilimia 23.4. Lakers wa mwaka 1950 walikuwa na asilimia 22.2. Kwa ulengaji, timu hizo mbili hazikupishana sana; walipopishana ni kwenye idadi, kwa kuwa Bulls walilazimishwa na saa kutupa mara 77, na Lakers, katika mchezo ambao mpinzani aliruhusiwa kukaa na mpira kadiri alivyopenda, walitupa mara 18.